Malalamiko Dhidi ya Kioo Kisichochanika Picha

Bukiriro, Ngara

Kwa mkwe wangu Danstan,
Fundi wa Kompyuta, Biharamulo.

YAH: KUOMBA KIOO CHA ZAMANI KIRUDISHWE

Mkwe,

Pokea salamu za heshima. Sisi ni wazima, migomba inazaa, na mvua hatuidai kitu. Nimechagua kuandika kwa sababu baba mkwe hapigi kelele masikioni mwa mkwewe, na kwa haya yaliyonipata, kwenye simu ningepiga.

Nakushukuru kwa ile kompyuta ya gemu uliyotuletea nilipostaafu ualimu, ili mimi na mama mkwe wako Auleria tusizeeke tukiangaliana tu. Shukrani zinaishia hapo. Mwezi uliopita ulikuja ukaondoa kioo chake cha zamani, ukaweka hiki kipya cha kasi, ukaweka na Linux, huo mfumo mpya wa kuiendesha, ukaondoka ukitabasamu. Tabasamu lako limeniharibia nyumba kama ifuatavyo:

1. Kioo cha zamani kilikuwa kikichanika picha. Gari la gemu likiingia kona, nusu ya juu ya barabara inakwenda huku, nusu ya chini inabaki kule. Basi tukawa na sheria ya nyumba: picha ikichanika, mbio zinarudiwa. Mwamuzi wa kuchanika nilikuwa mimi, kwa kuwa ndimi mwenye miwani. Chini ya sheria hiyo sikuwahi kushindwa. Hiki kipya kinachora picha mara mia moja arobaini na nne kwa sekunde, na hakichaniki hata kwa dawa. Auleria ananishinda mchana kweupe. Nikilalamika ananikumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, methali niliyoifundisha darasa la sita miaka yote bila kujua kuwa ingenirudia.

2. Ulimweleza Auleria, bila idhini yangu, siri ya kioo hiki: kwamba hakikimbii peke yake, bali kinaisubiri kompyuta imalize kuchora ndipo kionyeshe, ikichelewa kinapunguza mwendo, ikiwahi kinaongeza. Mkwe, hayo ni maneno ya kumwambia mke wa mtu? Tangu siku hiyo anauliza inakuwaje kioo cha kununua kimsubiri mwenzake, na mimi niliyefunga naye ndoa pale Rulenge nimtangulie kwa umbali wa mashamba mawili tukienda Misa. Jumapili iliyopita nilitembea kwa mwendo wake. Tulifika padri akiwa kwenye mahubiri, na watu wakanipa pole wakidhani mguu unaniuma.

3. Hiyo Linux yenyewe. Nilimwambia katekista wetu, Bernardo, kwamba nyumbani tumeweka Linux. Yeye akasikia Lino, yule Papa mtakatifu aliyemfuata Petro. Akanipongeza mbele ya jumuiya nzima, kisha akaja nyumbani kutuongoza kusali. Alipokuta kwenye kioo hakuna Papa bali nembo ya Linux, ndege mnene mwenye tumbo jeupe ambaye Auleria humwita bata, aliomba padi ya kuchezea. Naye amenishinda.

4. Nilijaribu kujitetea. Binti yangu Jovitha, ambaye ni mkeo, aliwahi kuniambia kwamba ukiunganisha vioo viwili kwenye Linux, kile kipya huenda kikasahau hiyo adabu ya kusubiri. Nikaazima televisheni ya jirani yetu Joyceline, nikaichomeka kwenye kompyuta Auleria akiwa shambani. Hakuna kilichochanika. Kumbe ulishaweka mpangilio mpya usiojali idadi ya vioo! Kumfanyia baba mkwe uhodari wa namna hiyo ni kumkosea heshima.

5. La mwisho ndilo lenye uchungu. Enzi za ushindi wangu nilitangaza kwamba anayeshindwa ndiye atakayemenya ndizi za jioni. Vidole vyangu sasa ni vyeusi kwa utomvu. Wanafunzi wangu wa zamani wananipa shikamoo nikiwa na kisu mkononi na beseni miguuni. Wanaume wenzangu wameanza kunikwepa, maana wake zao wanaulizia vioo kama hiki. Jambo hili likifika mjini Benaco, wilaya nzima itakosa mwanamume wa kukaa kijiweni.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu uje uchukue kioo chako na kurudisha kile cha zamani. Na kama ufundi wako unaruhusu, ukirekebishe kiwe kinachanika kila ninapokaribia kushindwa, upande wa Auleria tu.

Msalimie Jovitha, wajukuu, wazazi wako, na wateja wako wote, hata wale wanaonunua vioo vya kasi, maana hawajui watendalo.

Ni mimi baba mkwe wako, ninayeonewa,
Mwl. Protasi Hakizimana (mstaafu)

Nyongeza: Nimemsomea Auleria barua hii, kwa kuwa haki husikiliza pande zote. Amesema imeandikwa vizuri, itumwe. Kisha akazima kompyuta, akaifunika kwa kitambaa cha meza, akachukua kapu analosuka akaenda kukaa kwa Joyceline, kama alivyokuwa akifanya kila jioni kabla kioo hiki hakijaja. Nikafunua, nikacheza peke yangu. Nilishinda mbio zote. Mkwe, sijawahi kuuchukia ushindi namna ile. Nikamfuata, nikambembeleza, akarudi, na sasa hivi ninapoandika ananicheka kwa sababu gari langu limetumbukia mtoni. Kama umeshaanza safari, geuza. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa mwandiko umetoka vizuri. Isome, uwasomee na wenzako, lakini usitekeleze hata neno moja.