Mkono wa Kushoto Si Mfupi

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Usaili ni Alhamisi ya wiki ijayo, ubalozini. Niende na vyeti vyangu vyote, na picha za kuonyesha kwamba mimi na mke wangu ni mume na mke kweli. Kweli! Miaka minne ya ndoa, halafu mtu asiyenijua hata kwa sura aniulize kama nimeoa.

Mara ya kwanza walitunyima viza. Ushahidi hautoshi, walisema. Mke wangu yuko kule mwaka wa pili sasa, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, na juzi ameniambia waziwazi: wakitunyima tena anaacha kazi, anarudi. Amechoka kuwa na mume wa kwenye simu. Na kazi yenyewe anaipenda, kaitolea jasho. Sasa arudishwe kwa ajili yangu, kama suruali iliyombana mteja? Mimi ni fundi cherehani. Kazi zangu hazirudishwi. Chache zimewahi kurudi, na wale wateja walikuwa wamenenepa.

Shida ni picha. Ya harusi inayoeleweka ni moja tu. Nyingine zote mpiga picha alitukata vichwa. Hiyo moja iko ukutani sebuleni kwa mama mkwe na ni ya aibu. Mimi nimenuna, kwa sababu asubuhi ile tulibishana kuhusu gauni. Gauni nililishona mwenyewe, na bibi harusi akadai mkono wa kushoto wa gauni ni mfupi kuliko wa kulia. Anadai hivyo mpaka leo. Si mfupi. Wa kulia ndio mrefu. Na yeye pichani anacheka, lakini kiganja chake cha kushoto hakionekani, kakipeleka nyuma ya mgongo wangu. Sijui alikuwa anatafuta nini huko. Anaonekana kama bibi harusi wa mkono mmoja.

Picha hiyo haitoki ukutani. Nitatafuta njia.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kumwona Mzoefu. Huyu ana meza yake nje ya duka la fotokopi, anashauri watu mambo ya viza. Yeye mwenyewe amenyimwa mara tatu. Uzoefu wa namna hiyo huupati chuoni.

Kasema maafisa wanataka ndoa safi. Picha nyingi, nyuso za furaha, mikono yote ionekane. Wakiuliza kama mnagombana, jibu ni hapana, hata siku moja. Nikamwambia picha nzuri sina. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto, akauliza mimi ni fundi wa nini vile.

Nimeelewa. Nimerudi nyumbani mbio.

Alhamisi, 6 Machi

Gauni jipya limekwisha. Ni lile lile la harusi, lakini mikono yote miwili iko sawasawa. Nimeilaza mezani, nimeipima, nimeipima tena. Kama afisa ana macho ataona hii ni ndoa ya fundi anayejua kazi yake.

Bibi harusi atakuwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Sura haitaonekana, ndiyo maana Mungu aliwapa watu akili ya kubuni shela. Mwanzoni shemeji alikataa, akasema hii ni habari ya polisi. Nikamwambia hakuna kudanganya hapa, harusi ilikuwepo, sisi tunaipiga pasi tu. Akakubali nilipomwahidi suti ya kuendea kazini. Kisha akaniuliza, mikono ya hiyo suti nitamshonea mimi au atafute fundi mwingine. Nimemeza. Nilikuwa na shida naye.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya, lakini picha zimepatikana.

Tulipigia sebuleni kwa mama mkwe, kwa sababu ndiyo sebule yenye ukuta usiobanduka rangi. Yeye alikuwa ameaga kwamba anakwenda kwenye kikao cha akina mama, hatarudi mpaka jioni. Shemeji ni mrefu kuliko dada yake, kwa hiyo nilimwamuru akunje magoti ndani ya gauni. Akalalamika anaumwa mapaja. Nikamwambia avumilie, dada yake anavumilia makubwa zaidi ughaibuni. Mpiga picha, jirani wa kibanda changu cha kushonea, alikuwa anacheka mpaka simu inatikisika.

Ndipo mama mkwe akaingia. Kikao kiliahirishwa.

Nimejaribu kuona alichokiona yeye. Mkwewe, mwenye mke anayetafuta riziki ng'ambo, kasimama kifua mbele kavaa suti, na pembeni yake binti mdogo wa nyumba ile ndani ya gauni la harusi, shela usoni. Aliketi. Akaomba maji.

Alipokwisha kunywa akaniuliza kama nimelelewa na watu. Nikamweleza yote kwa heshima, nimeinama. Akasema picha ya kweli hiyo hapo ukutani, niichukue niende nayo. Nikasema asante mama, lakini ile haifai. Akasema basi nimemshinda. Mtu habishani na mama mkwe, kwa hiyo nilibishana naye njia nzima nikirudi nyumbani, peke yangu, na nilimshinda kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Nimemtumia mke wangu zile picha azizoee, nikampigia. Nilitegemea shukrani.

Swali la kwanza: mwanamke huyo ni nani. Nikasema ni wewe. Akasema yeye anajijua, na magoti yake hayako hivyo. Swali la pili: sofa aliyomnunulia mama yake kwa mshahara wake wa kwanza wa kule imefikaje kwenye harusi yake. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nikasema afisa hajui habari za sofa. Akasema hajui, ila macho anayo.

Kisha kanipa jipya. Yeye ameshahojiwa, kwa simu, wiki iliyopita. Aliulizwa habari za maisha yetu akajibu ukweli. Nikauliza ukweli gani. Akasema ukweli wote. Nikamwambia angenishirikisha kwanza, majibu mimi nimeshayaandaa, la kwanza likiwa kwamba hatujawahi kugombana. Alicheka sana. Alicheka mpaka nikasikia wazee anaowahudumia wanauliza kuna nini.

Halafu akasema ameshachoka kula peke yake. Nisiende kufanya ujanja. Niende tu nikawe mimi.

Nilale, nisilale, neno hilo limenikaa. Lakini niende nikawe mimi bila maandalizi? Huyo si mimi.

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe kaja kibandani mbele ya wateja, na kitu kimeviringishwa kwenye kitambaa. Ile picha ya ukutani, fremu na kioo chake. Kaiweka juu ya cherehani akasema naenda nayo, na neno hilo halina mjadala. Akaondoka bila hata kukaa.

Sikutaka kumvunjia heshima. Nimeitia kwenye mkoba, chini kabisa, chini ya vyeti. Kwenda nayo kweli nakwenda nayo. Kuitoa hakuniambia.

Alhamisi, 13 Machi

Langoni walinzi walinikuta na mkasi mfukoni. Nikawaambia ni mazoea ya kazi. Wakabaki nao. Futi yangu ya kupimia waliniachia.

Afisa ni mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nilimpangia picha zangu mezani mwenyewe. Akavaa miwani akazitazama. Akauliza, mke wangu alikuwa anaumwa magoti siku ya harusi? Nikasema ni viatu. Akauliza kama huwa tunagombana. Nikasema hata siku moja, kwa sauti ile aliyonifundisha Mzoefu. Akafungua faili lake akasema ajabu, mke wangu ametoa mifano mpaka nafasi ya kuandikia ikaisha.

Nikaona heri nimpe cheti cha ndoa apoe. Nikakivuta kutoka mkobani, na fremu ya mama mkwe ikaja nacho, ikatua mezani mbele yake.

Aliitazama sana kuliko zile nyingine zote. Akauliza gauni hili alishona nani. Nikasema mimi. Akauliza, kwa upole kabisa, kama ni kweli mkono wa kushoto ni mfupi.

Hapo nilisahau Mzoefu, viza, na mahali nilipo. Nikasimama. Nikatoa futi. Nikamweleza afisa kwamba mwanamke yule wakati wa kupimwa hakutulia, alikuwa anacheka na bega linapanda na kushuka, fundi gani duniani angepata kipimo. Nikamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe kipimo kinavyoanzia begani. Nikasema kwa miaka minne nimesemwa kwa kosa lisilo langu, nasemwa wakati wa chakula, nasemwa mbele ya wageni, na sasa naona nimesemwa mpaka serikalini. Mkono wa kushoto si mfupi. Wa kulia ndio mrefu.

Afisa alisubiri nimalize. Kisha akanisomea kutoka kwenye faili maneno ya mke wangu: mkimuuliza habari za mkono wa gauni atasimama.

Nikaketi.

Akasoma na mengine. Kwamba siku ile mke wangu alificha mkono wake nyuma yangu tangu asubuhi mpaka wageni walipoondoka. Kwenye picha, kwenye salamu, hata kwenye keki alikata kwa mkono mmoja. Alijua nusu ya wageni ni wateja wangu. Hakutaka wamcheke mume wake.

Miaka minne. Hajawahi kuniambia. Na mimi siku nzima ile nilinuna, nikidhani ananisukuma mgongoni kwa hasira. Macho yakanisaliti mbele ya mtu wa serikali. Nilimkumbuka mke wangu, nikamtaka pale pale, si kwenye simu. Afisa akasogeza boksi la karatasi laini. Baadaye akauliza kama nina la kuongeza.

Nilikuwa nalo. Nikasema: lakini si mfupi.

Akaandika kitu. Ile picha ya fremu akabaki nayo. Zile nyingine akanirudishia zote, akasema hizi yeye hajaziona, na nisimwonyeshe afisa mwingine tena maishani.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepata viza!

Mke wangu nilimpigia akiwa kazini. Alilia tu, na mimi nikamsaidia.

Mzoefu anatangaza mtaa mzima kwamba ni kazi yake. Mwongo. Ni kazi yangu. Afisa aliliona lile gauni jipya, akaona mikono iliyo sawa, akajua hapa kuna fundi. Kusema hajaziona ni utaratibu wao tu. Shemeji anasema viza imeletwa na ile picha ya ukutani. Shemeji bado anadai suti, hawezi kuwa na mawazo huru.

Leo jioni mama mkwe kanitolea sandukuni gauni lenyewe la harusi. Kasema nimpelekee mke wangu, na nikifika nimwambie neno moja tu, kwamba ni kweli, ulikuwa mfupi, yaishe. Nimepokea kwa mikono miwili. Nimesema nimesikia mama.

Na nimesikia. Nimelitandika gauni mezani nikakaa nalo. Mtu kaficha mkono siku nzima kwa ajili yako, kakata keki kwa mkono mmoja, kisha kakaa kimya miaka minne. Wema kama huo lazima ulipwe, na mimi si mtu wa kupokea bila kurudisha. Nikachukua futi, nikapima mkono wa kushoto. Nikapima wa kulia. Nikapiga mstari wa chaki.

Kisha nikachukua mkasi nikaupunguza wa kulia.

Sasa iko sawa. Nikishuka kwenye ndege namwomba alivae pale pale, halafu aniambie ni upi mfupi.