Shingo ya Sadock

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Upepo wa Makambako ulivuma kwa hasira tangu alfajiri, na ukungu ulikuwa mzito hata mbuzi walisikika kabla ya kuonekana. Ilikuwa baridi ya kufunga skafu. Bwana Sadock aliishukuru, maana riziki yake ilijificha ndani ya skafu.

Alikuwa amekuja kusali na jumuiya nyumbani kwa Mama Dafroza. Wenzake walipofumba macho kwa Baba Yetu, yeye aliacha jicho moja wazi. Likaona mambo mawili: kinundu shingoni mwa mama yule, na ng'ombe mtamba mwenye mimba uani. Bwana hutoa, Sadock hupokea.

"Kamwene, mama," alimsalimu baada ya sala. "Hicho kinundu hakisubiri Krismasi. Kikatwe wiki hii."

"Yesu wangu! Nani kasema?"

"Shingo yangu. Mimi nilitolewa tezi nzima." Akaipapasa skafu kama mtu anayegusa masalia ya mtakatifu. "Daktari wangu ana foleni ndefu, lakini akimpata yule mtamba, mama unapasuliwa kesho."

Dafroza alimtazama mtamba wake, mali pekee aliyokuwa nayo. Kisha akajishika shingo. Machozi yakamlenga. "Mchukueni basi. Ng'ombe hanishindi mimi."

Sadock alikuwa tayari ameikamata kamba. Lakini alisahau desturi ya jumuiya ile: aliyepona humsindikiza mgonjwa. Mzee Polikarpo, mwenyekiti, alisimama.

"Polepole, ndugu. Fundi habomoi ukuta kabla ya kujua bomba limepita wapi. Jumatatu tunakwenda Njombe, mama apigwe picha kwanza. Nawe uliyepona utatusindikiza. Mtamba utampata tukirudi."

"Picha ya nini? Mimi sikupigwa!"

"Basi utapigwa," alisema Dafroza, akifuta machozi.

Jumatatu Sadock alitangulia na pikipiki yake, akiwa na hakika kwamba daktari yeyote hupenda kisu. Hospitalini daktari aliuliza kama wote waingie.

"Waingie!" alisema Sadock. "Sisi ni ndugu katika Bwana, hatuna siri."

Daktari alimpaka Dafroza mafuta ya baridi shingoni, akapitisha kifaa cha altrasaundi, akatazama kioo kwa utulivu. "Mama, hiki kimejaa maji tu, hakina dalili mbaya. Hakihitaji kisu wala sindano. Tutapima damu, na mwakani urudi tukitazame tena."

"Utukufu kwa Mungu!" Dafroza aliketi. "Sasa daktari, mpime na huyu, tuone kazi ya fundi wake."

Sadock alirudi nyuma, akakutana na Mzee Polikarpo, ambaye alimfungua skafu kwa upendo wote wa Kikristo. Shingo ilikuwa laini kama ya mtoto.

"Kovu liliondoka kwa maombi," alinong'ona Sadock.

Kifaa kilipita. "Tezi yote ipo," alisema daktari. "Tena ina kinundu."

Sadock akageuka rangi ya majivu. "Changu? Nikateni leo! Mungu wangu, ni malipo ya yule mbuzi wa Yunisi wa Mdandu! Nilimtisha hivi hivi kwa kinundu chake, nikamla mbuzi wake!"

"Usichelewe, baba," alisema Dafroza kwa huruma. "Foleni ni ndefu. Lakini mimi nina mtu, anataka pikipiki tu."

Funguo zikatoka mfukoni mwa Sadock kabla mama hajamaliza. Dafroza akazitia kifuani.

"Nilikuwa bado nasema," alisema daktari, akijizuia kucheka. "Na hiki ni maji matupu, kama cha mama. Vinundu hivi watu wengi wanavyo, na vingi havina neno. Hakatwi mtu hapa."

Sadock alishusha pumzi, kisha akanyoosha mkono. "Mama, funguo zangu."

"Kwanza tusikie utamfanyia nini Yunisi."

Alimtazama Polikarpo, akamtazama daktari, akaona mlango uko mbali. Akainua mkono wa kuume.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: kesho nampelekea Yunisi mbuzi mwingine, kisha yeye nampakia kwenye pikipiki hadi hapa, apigwe picha."

"Na petroli?" aliuliza Dafroza.

"Na petroli yangu."