Kioo cha Kukondesha

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeasisi mageuzi. Ijumaa mkurugenzi wa ukumbi wetu wa mazoezi ataamua kama nithibitishwe kazini au nirudi kwa mama pamoja na shahada yangu. Wanachama wanapungua. Nimefanya uchunguzi wa kina na kubaini chanzo: wanajiona. Nimemwagiza fundi atufungie kioo kilichopinda kidogo, kinachomrefusha mtu na kumkondesha. Mkufunzi wetu, Misuli, akanung'unika kwamba kioo si dawa. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi mtupu! Mama Vitambaa, mwenye duka la jirani, aligeuka kushoto, akageuka kulia, akauliza kiuno hiki kilikuwa kimejificha wapi miaka yote. Akamkumbatia hata Misuli.

Jumatano, 5 Machi
Ukumbi mweupe, hakuna hata mtu mmoja. Nikampigia simu Mama Vitambaa. Akasema ahsante mwanangu, lakini mtu akishafika, nauli ya nini tena? Alikuwa akitafuna keki. Misuli akaniuliza: haya msomi, umeshawakondesha wote, sasa mshahara tutalipwa na kioo?

Alhamisi, 6 Machi
Mwenye akili hakosi njia. Fundi amekigeuza kioo, sasa kinanenepesha. Hofu huleta bidii. Kwa bahati mbaya ilimleta pia mke wa mkurugenzi. Alijitazama, akavua raba zake, akaondoka peku bila kuaga. Mkurugenzi akaniuliza, kwa upole wa kutisha, ni nani aliyemgeuza mkewe pipa.

Ijumaa, 7 Machi
Mkurugenzi ameamuru vioo vyote vifunikwe kwa mashuka. Ajabu: waliokuwa wakijibanza pembeni wamejaa katikati! Mama Vitambaa, aliyerudi baada ya gauni lake kukataa zipu, alisema leo ameyasikia mapafu yake badala ya kulichunga tumbo kiooni. Walicheka, walilowa jasho, ikabidi Misuli awafukuze saa ya kufunga. Mkurugenzi akataka kujua nimejifunza nini. Nikamjibu kwamba mashuka yalihitaji rangi ya kitaalamu zaidi. Ameniongezea muda wa majaribio, na Jumatatu nitajieleza mbele ya wamiliki wote. Kwa mtu mwenye upeo, huko ni kupandishwa cheo.

Jumamosi, 8 Machi
Kile kioo hakina kazi tena, nimekihamishia chumbani kwangu, upande wa kukondesha. Kumbe nina umbo la kiongozi! Nimemwita fundi cherehani kwa ajili ya suti ya Jumatatu. Alikuja na futi yake, akataka kunizungushia tumboni. Nikamzuia. Akaguna, akauliza sasa kaka, hiyo suti anavaa nani?
Nikamwelekeza kiooni. Ampime yule.