Skuta Kubwa ya Mpima Ardhi

Daktari hakuwa daktari wa kitu chochote, ila ukijiita jina hilo miaka kumi bila mtu kukuomba cheti, unabaki nalo. Aliuza pikipiki zilizochoka. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya duka la matairi: bati juu, oili chafu chini, na katikati meza yenye sabuni ya gari, kopo la rangi nyeusi ya kung'arisha matairi, na kioo cha kujitazamia meno kabla mteja hajaingia. Wenye kumbukumbu fupi wanamjua kwa biashara hiyo tu. Sisi wengine tunakumbuka chaguzi tatu zilizopita, aliposimama juu ya lori na kipaza sauti, akituahidi mtaro kwa niaba ya mheshimiwa mmoja. Mheshimiwa akapata kiti, Daktari akabaki na kipaza sauti, na sisi maji ya mvua tunayapokea sebuleni hadi leo kama wageni wa heshima.

Siku moja alikuwa katika doria yake ya kawaida, yaani kuchungulia nyua za watu, akaona turubai la bluu limefunika kitu kirefu karibu na tangi la maji. Chini ya turubai lilichomoza gurudumu nene. Lile halikuwa gurudumu la pikipiki ya kubebea abiria. Ilikuwa skuta kubwa, zile zenye kioo kirefu mbele, siti pana kama kochi na buti chini yake la kumeza kofia mbili. Zile ambazo mtu anaendea kazini Jumatatu na suti yake, na Jumamosi anavuka nayo mikoa miwili bila kushika kiuno. Daktari alirekebisha uso wake, akauvalisha huruma, akabisha hodi.

Mwenye nyumba alikuwa mshonaji, mjane wa mpima ardhi. Marehemu alivizungukia viwanja vya watu kwa skuta ile miaka saba. Tangu afariki, miezi kumi na minne sasa, ilikuwa haijawaka. Mjane alitaka itengenezwe ajifunze kuiendesha, maana alikuwa amepata kazi ya sare za shule nne, moja ng'ambo ya mji na moja kilomita sitini nje, na shule zinafunguliwa wiki sita zijazo. Mkuu wa shule ya mbali alishamwambia wazi kwamba sare zikichelewa, kazi yote inahamia kiwandani. Kuzipeleka kwa pikipiki za kukodi kulimaanisha kushona bure. Hayo yote alimweleza Daktari mwenyewe, kwa sababu Daktari alimuuliza kwa upole. Ndiyo kazi ya upole wake.

Daktari akapiga magoti, akaweka sikio kwenye injini iliyozimwa, akafumba macho kama anayesikiliza mapigo ya mtoto tumboni. Kisha akatikisa kichwa. Silinda imepasuka, akasema. Hii imeshamfuata mwenyewe. Kilichokuwa kimekufa ni betri, lakini betri haina ndugu wa kuitetea.

Kwa moyo wake mkunjufu akajitolea kumwondolea mzigo ule uani, na badala yake angempa cherehani ya umeme, mpya, ambayo hata nailoni yake haijatolewa. Mjane akamwambia hawezi kuuza kitu: kadi ina jina la marehemu, na mirathi iko mahakamani, inasubiri hakimu amalize likizo. Daktari akamtoa wasiwasi. Hii si kuuza, dada yangu, ni kusaidiana. Na kadi ataitunza yeye, Daktari, isije ikaliwa na panya.

Mjane akakubali. Cherehani ilishona siku mbili. Siku ya tatu ikaanza kutafuna kitambaa. Mjane akaenda uwanjani, akaambiwa kakosea kuweka uzi. Akarudi, akaulizwa risiti iko wapi. Safari ya tatu akaambiwa kwamba nchi hii ina sheria, kama anaona ameonewa milango iko wazi. Daktari alipenda sana sheria. Alijua foleni yake ina urefu gani, na alijua wajane wanachoka wakiwa nafasi ya ngapi.

Mjane hakwenda kwenye foleni. Alimpigia simu wifi yake.

Wifi huyo, dada mkubwa wa marehemu, aliishi mji mwingine. Alikuwa fundi mkuu wa karakana ya mabasi kwa miaka thelathini, na kampuni ilipomstaafisha ilimpa saa ya ukutani na ahadi kwamba mafao yanashughulikiwa. Saa ilisimama mwezi wa pili, mafao hayakuwahi hata kuanza kutembea. Kwa hiyo alikuwa na muda, na alikuwa na hasira iliyokaa muda mrefu bila kazi. Alishuka kwenye basi na begi moja, akasikiliza habari yote huku akila, akanawa mikono, akamwomba wifi yake jambo moja tu: asimsogelee tena yule bwana. Amwachie yeye.

Kesho yake asubuhi akaingia uwanjani akiwa amevaa miwani ya dhahabu ya kuazima na kushika mkoba mkubwa. Daktari alimwona kutoka mbali, akajitazama meno, akaenda kumpokea. Mama yangu mzazi, karibu. Yule mama akajieleza: amestaafu, mafao ametoka kuyapata, na yeye na wenzake sita wameanzisha kikundi cha wastaafu wanaotaka kutalii nchi yao kabla magoti hayajagoma. Yeye ametangulia kutafuta chombo cha kuendea sokoni na kanisani siku za kawaida, na cha kusafiria mbali mwisho wa wiki. Akikipenda, hao sita watanunua hapohapo. Bei hakuiuliza. Wateja wasiouliza bei ndio waliomfanya Daktari aamini kuna Mungu.

Akamfunulia skuta. Tairi zimepakwa rangi, zinameta kama viatu vya bwana harusi. Mita inasoma kilomita elfu tisa. Ilikuwa ya padri, akasema, akiiendea misa tu.

Mama hakugusa rangi. Aligusa bomba la moshi, akaondoa mkono.

"Umeiamsha mapema, mwanangu. Nitakuja kesho niikute imelala."

Kisha akainama akasoma tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi, zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa, akasema taratibu kwamba tairi hili lingekuwa mtoto, lingekuwa darasa la nne. Akatazama mpira wa kukanyagia miguu, umelika mpaka chuma. Akauliza padri huyo alikuwa akiwahi misa ngapi kwa siku.

Kesho yake Daktari aliiwasha alfajiri ili isimwaibishe kwa kukataa kuwaka ikiwa baridi, kisha akalifunga bomba kwa matambara ya maji lipoe. Mama alifika, akagusa, akaliona bomba baridi na dimbwi chini yake. Akauliza kama mgonjwa amekojoa. Daktari akacheka peke yake.

Ukweli ni kwamba mtu mwingine angefukuzwa. Lakini wastaafu sita walikuwa wameshaingia kichwani mwa Daktari, wamekaa, wameagiza chai. Kila mama alipofungua daftari na kuandika kasoro, yeye alisikia skuta saba zikilipiwa. Mama alitaka jalada la ubavuni lifunguliwe auone mkanda, kwa sababu skuta haina mnyororo. Mkanda huo ndio unaopeleka nguvu nyuma, na ukikatika safarini unabaki porini na kochi lako. Likafunguliwa. Mkanda ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima. Daktari akaweka mpya. Mama akasema rola zake, vile vigurudumu vya ndani vinavyousukuma mkanda, nazo zimelika zikawa na pembe, ndiyo maana inatetemeka ikiondoka. Daktari akaweka mpya. Breki, betri, mihuri, yaani mipira ya kuzuia oili, ya shokomzoba za mbele zilizokuwa zikivuja, tairi zote mbili. Fundi wa jirani hakuwa mtu wa mkopo, anamjua Daktari tangu enzi za lori, akataka malipo mkononi. Daktari akampa pikipiki yake mwenyewe, ile aliyokuwa anaringia. Alijiambia ni mtaji.

Ilichukua wiki mbili. Mwishoni skuta ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara Daktari alikuwa na kitu kizuri cha kuuza. Kilimtia hofu kidogo. Hakuwa na maneno ya kitu kizuri.

Mama akasema amebakiza mambo mawili: karatasi, na jaribio la safari ndefu.

Kuhusu karatasi lazima nieleze, kwa ajili ya waliobahatika kutofika ofisi ya usajili. Ofisi ile haipokei fomu ya kuhamisha umiliki ikiwa imezidi siku thelathini tangu mwenye mali aisaini. Kwa nini thelathini, hakuna anayejua. Aliyeipanga amestaafu kwa maandamano na keki. Matokeo yake kila muuza vyombo chakavu ana rundo la fomu tupu, na saini anaipika mwenyewe mteja akipatikana, na tarehe anaiweka ya wiki hiyo, kama mkate. Daktari alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba mkono wake haukuwa tena unamuuliza kichwa.

Mama akamwambia yeye ni mtu wa zamani, hapendi mali ya wizi. Mwenye jina hili kwenye kadi amekubali kweli?

"Mama, alikuja mwenyewe hapa Jumanne," Daktari akasema. "Alisaini mezani hapo. Padri mstaarabu sana."

"Mzima wa afya?"

"Mzima kabisa. Alimaliza soda mbili."

Mama akaonekana kuridhika. Akaomba tu Daktari naye asaini chini kama shahidi, aandike kwa mkono wake kwamba amemwona kwa macho, na abonyeze dole gumba. Daktari alibonyeza mpaka wino ukamwagika ukingoni.

Jaribio likafanyika Alhamisi asubuhi. Muuzaji hamwachii mnunuzi chombo peke yake, hiyo ni kanuni ya uwanja, kwa hiyo Daktari alipanda nyuma. Karatasi zilikaa kwenye mkoba wa mama, kwa sababu anayesimamishwa barabarani ni dereva. Fedha zingetoka benki ya mji ulio kilomita sitini, kule kwenye ile shule ya mbali, ambako mama alidai ndiko akaunti yake iliko. Daktari alishikilia siti, akafumba macho kwenye kona, na kati ya kona moja na nyingine aliwagawia wastaafu sita rangi za skuta zao.

Mama aliendesha kama mtu aliyewahi kulibeba basi lenye breki mbovu kuteremka mlima. Alijaribu kila kitu, na kila kitu kiliitika: mlimani na mzigo nyuma, kwenye upepo wa malori, kwenye changarawe. Mji ulipoanza kuonekana akasimama kando, karibu na kizuizi ambapo askari wa barabarani walikuwa wakikagua magari, akamwomba Daktari ashuke kidogo amtazamie tairi la nyuma.

Daktari akashuka, akainama. Tairi lilikuwa zima. Alipoinuka, mama alikuwa amevua miwani ya dhahabu, na bila ile miwani alifanana vibaya na picha ya mtu iliyoning'inia sebuleni kwa mshonaji, juu ya meza ya kukatia.

"Huyo aliyekuja kwako Jumanne ni mdogo wangu," akasema. "Tulimzika mwaka jana. Na mimi nimeumia, mwanangu, sikufichi. Mtu anafufuka, anakuja kunywa soda mbili kwako, halafu hapiti hata kumsalimu mke wake."

Daktari akatazama mkoba, ndani yake saini ya marehemu ya juzi, na chini yake jina lake, mwandiko wake, dole lake. Akatazama kizuizi. Askari mmoja alikuwa anapiga miayo, hana kazi.

Kisha akajaribu upande mwingine. Akahesabu kwa vidole alivyoweka: mkanda, rola, betri, tairi mbili, breki, mihuri. Pikipiki yake mwenyewe. Haki iko wapi.

"Ulimkuta mgonjwa, umemponya," mama akasema. "Si ndiyo kazi ya daktari?"

"Angalau nauli basi, mama."

"Wale pale wana gari la bure. Nikuitie?"

Daktari akasema hapana, asante. Ndilo neno la kweli pekee alilolisema wiki hizo zote. Akaanza kutembea, na kwa kuwa kofia ngumu hakuwa ameivua, magari yaliyompita yalipiga honi kumuuliza pikipiki kaiacha wapi.

Mjane alijifunza kuendesha kwenye kiwanja cha shule, wifi yake akikimbia pembeni kwa magoti yale yale aliyosema yanagoma. Alianguka mara mbili, akainuka mara mbili, na majirani waliokuja kucheka wakaishia kushikilia siti. Sare za shule ya mbali zilifika siku nne kabla ya kufunguliwa, nyingine zimejaa buti, nyingine zimefungwa nyuma kwa kamba. Mkuu wa shule alitoka nje kutazama imekuwaje, akaitazama zaidi skuta kuliko sare. Mirathi, kwa taarifa yenu, bado inasubiri. Hakimu alirudi likizo, sasa karani ndiye amekwenda.

Siku wifi alipokuwa anapanda basi kurudi kwake, mjane akamuuliza mkanda ule mpya utadumu mpaka lini.

"Kilomita elfu ishirini hivi," wifi akasema, akipandisha begi. "Ukikaribia kuisha niambie mapema. Tutatafuta muuzaji mwingine."