Ndevu za Asajile na Jua la Mwaya

"Sikieni, sikieni nyie! Jumamosi Mzungu wa sanduku yuko kanisani!"

Simu alifika kijiweni akihema kama mbuzi aliyekimbizwa na mvua, na mvua yenyewe haikuwapo. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, enzi za Mdachi, wakati joto la Mwaya linapowakalia watu vichwani kabla ya masika. Jina lake hasa ni Hezroni. Lakini watu waliposikia kwamba huko pwani Wadachi wana waya unaopeleka maneno kutoka mji hadi mji, walisema sisi waya wa nini na Hezroni yupo? Wakamwita Simu.

Kijiwe chenyewe kilikuwa mtumbwi mbovu uliopinduliwa ufukweni mwa ziwa, karibu na mahali ambapo wanawake wa Kikisi hushusha vyungu vyao na kubadilishana kwa mpunga na ndizi. Neli alikuwa na moto wake hapo, akichoma ndizi. Walimwita Hakimu, kwa sababu hakuna aliyewahi kukata rufaa kwenye maneno yake.

"Sanduku gani?" aliuliza Neli.

"La kutoa sura! Unasimama mbele yake, Mzungu anajifunika kitambaa cheusi, halafu uso wako unabaki humo ndani. Unapelekwa Ulaya kwa meli! Mchungaji amesema watakaotolewa sura ni maarusi wa Jumamosi. Nje ya kanisa, jua likiwa utosini, maana sanduku linakula mwanga."

Wote wakageuka kumtazama Asajile. Arusi ya Jumamosi ilikuwa yake.

Asajile, au Msafara kama walivyomwita, alikuwa amebeba mizigo ya wafanyabiashara kwa miaka ishirini mpaka magoti yakagoma. Mke wake wa kwanza, dada yake Neli, alikuwa amefariki zamani. Umri wake ulikuwa hamsini na ushee, na huo ushee hakupenda uguswe. Lakini ndevu zake! Ndevu zilikuwa nyeusi kama chini ya chungu, na sababu ilikuwa rahisi: weusi wenyewe ulitoka chini ya chungu.

Kila wiki Tusekile, mjane mfinyanzi kutoka Ikombe na ndiye bibi arusi mwenyewe, alifika Mwaya na mtumbwi wa vyungu alfajiri, upepo wa milimani ukiwa bado unavuma. Na kila wiki Asajile alitangulia kuamka, akakwangua masizi, akayachanganya na mafuta ya nyonyo, akajipaka kidevuni kwa kidole cha shahada. Alikwenda, alisalimia, alichagua chungu, aliondoka kabla jua halijapanda. Alikuwa na vyungu kumi na vinne, na alipika chakula cha mtu mmoja. Tusekile alipomuuliza umri, alisema yeye na Simu ni rika moja. Simu alikuwa na miaka thelathini na sita.

"Sasa nimekwisha," alisema Asajile. "Saa sita mchana! Nitasimama pale niyeyuke kama mshumaa wa Krismasi."

"Nyoa basi," alisema Simu.

"Nikinyoa nafanana na marehemu mama yangu."

"Ni kweli," alisema Neli. "Nilimfahamu. Kidevu kilikuwa kinaanza, kinaghairi."

"Umeona? Mimi bila ndevu uso wangu unaishia mdomoni. Chini ya hapo ni shingo tu."

Mtu wa nne alikohoa. Huyo alikuwa Andongwisye, waliyemwita Daktari kwa sababu aliwahi kufagia zahanati ya misheni kwa miezi minane.

"Waungwana," alisema Daktari, "haya ni mambo ya kitaalamu."

"Ameanza," alisema Neli.

"Msinicheke, nasema kwa niliyoyaona. Mnakijua kichwa changu." Akavua kofia. Kilikuwa upara mtupu, unang'aa kama kibuyu kilichopakwa samli. "Mwaka nilipochumbia, nilikichora nywele. Kwa mkaa. Nywele moja moja, asubuhi nzima! Nikaenda ukweni jua linawaka. Kufika, baba mkwe anauliza, 'Kijana, mbona unalia wino?'"

Simu alicheka mpaka akateleza kwenye mtumbwi.

"Na wewe unacheka nini?" alisema Neli. "Nani alijipaka masizi miguuni akasema amenunua viatu?"

"Lakini nilipendeza!"

"Ulipendeza mpaka mto wa kwanza. Uliingia na viatu, ukatoka pekupeku."

"Haya, Hakimu, na wewe je? Au wewe ulizaliwa mzuri?"

Neli aligeuza ndizi taratibu. "Mimi nilijipaka unga wa mchele. Usoni, shingoni, kila mahali. Nilisikia wanawake wa pwani wanafanya. Nikaenda kucheza ngoma. Jasho likachanganyika na unga, joto likamalizia kazi. Nilitiririkwa na uji, jamani. Uji mzito! Niliporudi nyumbani mbwa wawili walinisindikiza, na mmoja hakutaka kuondoka."

Sasa hata Asajile alicheka, kisha akakumbuka Jumamosi, akaacha.

"Shemeji," alisema Neli, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, "kwa nini usimwambie tu?"

"Nimwambie nini? Kwamba nimemdanganya mara kumi na nne, na ushahidi umejaa nyumbani?"

"Atasamehe."

"Na asiposamehe? Neli, tangu dada yako aondoke, mimi nikirudi kwangu nabisha hodi, halafu naitikia mwenyewe. Nimechoka kujikaribisha."

Neli aligeukia moto wake. Alimchagulia ndizi iliyoiva vizuri zaidi akampa.

"Basi tumtengeneze," alisema Simu. "Daktari, sema."

Daktari alivaa kofia yake kama jaji. "Kosa lako, Msafara, ni mafuta. Jua likiyaona mafuta tu, yanatafuta njia ya kushuka. Jumamosi hakuna mafuta. Kwanza unanawa kwa maji ya majivu, hata mafuta yako ya kuzaliwa yatoke. Pili, uji mwepesi wa mchele, unapaka, unakauka."

"Asiende karibu na mbwa," alisema Simu.

"Tatu, masizi makavu. Unapigapiga, husugui. Tabaka jembamba, likauke, tabaka jingine. Nne, utomvu wa mgomba juu yake. Huo ukishika nguo, nguo inazikwa nao. Utashindwaje ndevu?"

"Na jasho?"

"Likitoka usifute! Unagusagusa kwa kitambaa, kama unamgusa mtoto aliyelala. Halafu usicheke. Usipige chafya. Usiimbe zaidi ya beti mbili."

"Na Mchungaji akiniuliza kama namkubali mke?"

Daktari alifikiri. "Guna."

Jumamosi walimfanyia kazi hiyo wote watatu, tangu mapambazuko, kwake Asajile, katikati ya vyungu. Neli alipaka uji, Simu alipepea kwa jani la mgomba, Daktari alipigapiga masizi na kumalizia kwa utomvu, ulimi ukiwa nje. Walipomaliza, ndevu zilikuwa nyeusi, ngumu, zimetulia kama zimechongwa. Simu alizigonga kwa kucha. Zikalia ko-ko-ko.

"Karibu ndani," alisema Simu.

"Usinichekeshe," alisema Asajile kupitia meno.

Kanisani watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, na bati la juu lilikuwa limeanza kulia kwa joto. Mchungaji alihubiri kuhusu arusi ya Kana, akaacha Kana akaenda jangwani, akakaa huko na wana wa Israeli muda mrefu sana. Asajile alihisi jasho linazaliwa utosini. Lilishuka kwenye paji la uso, likapita pembeni ya jicho, likafika kwenye ndevu, likasimama. Uji umeshika! Aligusagusa kwa kitambaa. Safi. Kutoka benchi la tatu Daktari alimkubalia kwa kichwa kwa fahari, kama fundi anayetazama daraja lake.

Tusekile alisimama kando yake na gauni jeupe, mikono yake mikubwa ya udongo imefumbatana.

"Asajile," alisema Mchungaji, "unamkubali Tusekile awe mke wako?"

"Mmh."

"Sikusikia."

"Mmmh!"

Watu wakaanza kunong'ona. Mtu nyuma akauliza kama bwana arusi anaumwa jino. Mchungaji akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Ndugu yangu, kanisa hili halifungi ndoa kwa kuguna. Unamkubali, au humkubali?"

Asajile alimtazama Simu. Simu akatazama dari. Asajile akamtazama Tusekile, na hapo moyo ukamshuka. Mwanamke yule alikuwa anatazama sakafu. Alidhani amekataliwa mbele ya watu wote.

"NDIYO!" alipiga kelele Asajile, kinywa wazi kabisa. "Ndiyo, namtaka! Namtaka sana!"

Ndevu zikasema kra. Ufa ukaanzia kwenye kona ya mdomo ukateremka mpaka shingoni. Kipande cha ukubwa wa kucha kikabanduka, kikaanguka juu ya kitabu cha Mchungaji. Jasho lililokuwa limezuiwa kwa saa nzima likapata mlango, likatoka lote kwa pamoja, jeusi, likaingia kwenye kola. Chini yake mvi zikachungulia.

Neli akafumba macho.

Tusekile aliinua uso. Akakichukua kile kipande kutoka kwenye kitabu, akakisaga kati ya vidole viwili, akakinusa.

"Uji wa mchele," alisema. "Hilo ni jipya."

"Nisamehe," alisema Asajile. Kipande kingine kikadondoka. "Mimi si rika la Simu. Mimi ni mzee."

"Najua."

"Unajua?"

"Baba we, nimeshika masizi tangu sina meno. Unadhani sitajua harufu ya chini ya chungu changu mwenyewe?"

"Tangu lini?"

"Tangu chungu cha kwanza."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unanunua."

Kicheko kilianzia kwa akina mama kikafika kwa wazee wa kanisa. Tusekile hakucheka, bado. Alimfuta shavu kwa ncha ya kitambaa chake, kwa kusugua, bila huruma, kama anayesafisha sufuria.

"Ungeniuliza mimi," alisema. "Udongo wowote nisiouchoma, maji yanaurudisha ulikotoka. Ukitaka rangi hii ikae, hakuna uji wala utomvu. Ni moto tu. Sasa chagua: tubaki na mvi, au nikupangie kuni?"

"Mvi," alisema Asajile haraka.

Mchungaji alikung'uta masizi kwenye kitabu chake. Mdomo wake ulikuwa unacheza, lakini alijikaza. "Na wewe, Tusekile, unamkubali Asajile?"

"Ndiyo," alisema Tusekile, "lakini akanawe."

Akanawa. Masizi yakatoka, uji ukatoka, ila utomvu wa mgomba haukutoka, kwa hiyo Asajile alisimama mbele ya sanduku la Mzungu na ndevu nyeupe juu ya kidevu cha hudhurungi, kama mtu aliyekula zambarau na kujifuta kwa kiwiko. Jua lilikuwa utosini kweli. Mzungu akajifunika kitambaa, akapiga kelele asitikisike mtu. Asajile akakauka kama nguzo. Na hapo ndipo Tusekile, aliyejizuia muda wote kanisani, alipokitazama kile kidevu na uvumilivu ukamwishia. Alicheka akatikisika, alicheka akainama, alicheka akashika tumbo, na Mzungu akawa anapiga yowe ndani ya kitambaa chake.

Sura ilirudi kwa meli miezi minne baadaye, mvua zikiwa zimeshiba. Asajile aliileta kijiweni ndani ya jani la mgomba, nao wakasogeza vichwa.

"Huyu mzee ni nani?" aliuliza Simu. "Ni baba wa bwana arusi?"

"Ni mimi."

"Unaonekana mpaka vinyweleo! Hii mvi, hii, hii… Mzungu hakubakiza hata moja."

"Nimeshazihesabu," alisema Asajile. "Zote zimehudhuria."

"Na bibi arusi yuko wapi?" aliuliza Daktari, akiigeuza karatasi. "Hapa kando naona moshi tu."

Ni kweli. Pale alipotakiwa kuwa Tusekile palikuwa na wingu jeupe lenye mikono miwili. Sanduku lilikuwa limeshindwa kumshika akicheka.

Neli aliitazama sura ile muda mrefu kuliko wote. Kisha akamtazama Asajile, ambaye alikuwa amenenepa kidogo, na kidevu chake bado kilikuwa na kivuli cha hudhurungi.

"Basi shemeji, pole," alisema. "Siku nzima ile ya mateso, na hakuna kilichodumu."

"Hakuna?" Asajile aliichukua sura yake, akaifuta kwa mkono wa shati, akaiinua juu wote waione. "Tazameni vizuri kabla hamjasema. Saa sita ya mchana, mwezi wa kumi na moja, jua la Mwaya! Aliyeyeyuka hapa ni nani? Ni bibi arusi. Mimi nimedumu!"

Kutoka ufukweni sauti ya Tusekile ilimwita aje abebe udongo, na mzee mwenye mvi zote alishuka mbio, magoti yakilia.