Supu ya Chaza na Cherehani ya Jenista

Jumanne, 8 Julai

Siku ya kumi na tisa bila Jenista. Nimekula ugali na maziwa ya mgando. Tena.

Na kisa chote ni sentensi moja! Wanakwaya walikuja kutusalimia, wanakula maharage yake, mimi nikasema kwa sauti kwamba mke wangu akipika, anayefanya kazi ni chumvi peke yake. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Asubuhi yake alifunga nguo akaenda kwao Itaka kuvuna kahawa, eti siku tatu.

Leo katuma ujumbe. Jumapili baada ya ibada anakuja na kaka yake Mika kuchukua cherehani. Cherehani! Nguo mtu anaweza kuzifuata halafu akarudi, lakini fundi akibeba cherehani yake amehama. Nimeitazama muda mrefu. Bado ina kitambaa cha bluu chini ya sindano, gauni la mtu ambalo hakulimaliza.

Shangazi Roda anasema dawa ni ile ile ya siku zote. Nichukue jogoo hai na mshenga, niende Itaka, nikae kwenye kigoda mbele ya wakwe, niseme nimekosa. Basi. Nimemwambia nitafikiria. Mtu mzima, mwenye duka la vipuri Tunduma hapa, nikae kwenye kigoda? Hapana. Lazima ipo njia ya heshima zaidi.

Jumatano, 9 Julai

Ipo! Mwezi wa tano tuliangalia video kwenye simu, mzungu anapika supu nzito ya nyanya na chaza. Jenista alisema hiyo hata yeye angeonja siku moja. Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Jumapili ataingia kuchukua cherehani, atakuta supu mezani, atakaa, atasahau. Sitahitaji kusema neno hata moja. Mimi ni hatari.

Nimekwenda sokoni. Dagaa wapo, kapenta, wale dagaa wa ng'ambo ya mpaka, wapo, samaki wa Rukwa wapo. Chaza hakuna. Nimemweleza Ferista muuza samaki kwamba ni mdudu wa baharini anayekaa katikati ya maganda mawili, hana kichwa, hana miguu. Ameniuliza kama nimekula tangu mke wangu aondoke.

Nimempigia Deus, dereva wa lori, mteja wangu. Yuko Dar, anapakia leo. Amesema atanunua ndoo nzima ya chaza, ataweka na barafu, Ijumaa yuko hapa. Wenzangu wanaomba msamaha, mimi naagiza bahari.

Ijumaa, 11 Julai

Deus amefika Mpemba, na hapo ndipo alipokwama. Foleni ya malori kwenda mpakani haijasogea tangu asubuhi. Nimempigia mara sita. Mara ya sita amesema barafu ni maji sasa, na utingo wake amehamia lori la nyuma.

Ningeweza leo kupanda gari la Itaka. Nilifika hadi stendi. Nilimwona hata mama mmoja ana jogoo kwenye kikapu, mwekundu, mzuri. Nikajiambia, na chaza wangu je? Nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekodi bodaboda hadi Mpemba, nimeifuata ndoo mwenyewe. Njia nzima dereva amegeuza uso pembeni. Amesema ni upepo tu.

Nimefungua kifuniko. Furaha iliyoje! Karibu wote wameshafunguka wenyewe. Kwenye video mzungu alihangaika na moto dakika kumi ndipo wakafunguka, na akasema waliofunguka ndio wa kula. Wangu wameniokolea kuni.

Jirani yangu Rabson, anayepika gesti ya pale kona, amechungulia uani bila kuitwa. Amesema chaza aliyefunguka kabla ya kuona moto amekufa zamani, nitupe ndoo yote nikamwage mbali na nyumba. Kisha akasema, kwa upole uliokuwa unakera, kwamba yeye amekwenda kwa wakwe zake na jogoo mara tatu, na mkewe yuko ndani sasa hivi anakaanga maandazi. Wivu! Mpishi wa gesti anaogopa supu yangu.

Jumapili, 13 Julai

Naandika nikiwa nimeshika tumbo.

Sikwenda ibadani. Nyanya sado nzima, vitunguu, karoti, viazi, halafu chaza wote. Meza ya jikoni imelegea mguu, nikakatia kwenye cherehani, maana hapo waya wa kuchaji simu unafika na video naiona. Nyanya zikaruka. Kitambaa cha bluu kikapata madoa. Nimekigeuza upande wa pili.

Wamefika saa saba. Mika amesimama mlangoni ameziba pua. Jenista ameingia. Amekonda kidogo, au ni mimi niliyemkumbuka vingine. Ameona sufuria, ameona vidole vyangu vimekatikakatika, na naapa aliuma midomo asicheke. Ameuliza kama ni ile ya kwenye simu. Nikasema ndiyo. Akaketi! Akachukua kijiko! Kisha akauliza, taratibu, kama nina neno lolote la kumwambia.

Neno lilikuwa hapa kooni. Nalijua. Ni moja tu. Nikafungua mdomo, nikasema sasa ataona mboga inavyopikwa.

Ameweka kijiko chini. Hakuonja. Alikwenda kwenye cherehani, akakigeuza kitambaa, akayaona madoa, akakikunja polepole akakitia mkobani. Mika akabeba cherehani. Ili nisionekane nimeshindwa, nilikula bakuli mbili mbele yao, nikisifia.

Jumatatu, 14 Julai

Chooni mara kumi na moja. Rabson ameleta uji wa mkewe.

Pale ilipokuwa cherehani pamebaki vipande vya nyuzi. Nimechukua ufagio. Nimeurudisha mahali pake. Mpumbavu mimi! Kijiko kilikuwa mkononi mwake.

Alhamisi, 17 Julai

Shangazi Roda amerudi kutoka Itaka na habari. Jenista hajakataa. Amesema atanisubiri Jumamosi hii, jogoo hai na lile neno, basi. Isipokuwa hivyo, atakodi chumba cha kushonea Vwawa. Nimelia mbele ya shangazi yangu, sioni aibu kuandika. Nimeapa. Supu basi, video basi. Nimekwenda sokoni nikanunua jogoo mwekundu kama yule wa stendi, ameshinda anawika uani.

Ijumaa, 18 Julai

Kila kitu tayari. Mshenga ameshakubali, gari ni saa moja asubuhi.

Nimemwangalia jogoo leo mchana nikawaza. Kila mkwe hupeleka jogoo hai. Rabson mara tatu. Nani atakumbuka? Nikafungua simu kidogo tu, nikaona namna ya kumbanika mzima na limau na asali, mpaka anang'aa.

Nimeshamchinja. Anaiva vizuri. Lile neno nitalisema Itaka, wakishamsifia.