Majike Watano, Tangi Moja

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa meno kasafiri, wagonjwa kamwachia msaidizi wake, yuko semina mpaka Jumatatu. Kabla hajaondoka alituita sisi wawili wa mapokezi, mimi na mwenzangu ninayemwita Taratibu (kimoyomoyo tu). Akasema akirudi atateua mkuu wa mapokezi. Atakayekosa atashushwa chini, chumba cha picha za meno. Chumba hakina dirisha! Mimi nisipoiona barabara naugua.

Taratibu kakabidhiwa funguo. Mimi nimekabidhiwa Malkia, samaki jike aina ya beta, wa bluu, anayeishi peke yake kwenye tangi la kioo pale wagonjwa wanapongojea. Daktari husema Malkia anatuliza watu kuliko sindano ya ganzi. Kanisisitizia nimlishe kidogo na nisiguse kitu kingine.

Nisiguse! Mkuu wa mapokezi haambiwi asiguse. Mkuu ana maono. Na mimi yamenijia: samaki mmoja akimtuliza mgonjwa mmoja, watano watatuliza foleni nzima.

Jumatano, 5 Machi

Mchana nimekwenda kwa muuza samaki. Kasema madume wa beta hawakai pamoja kabisa, ni kufa na kupona. Majike wanaweza, ila. Basi akaanza: tangi liwe kubwa, iwepo mimea ya kujifichia, waingizwe wote kwa pamoja ili asiwepo mwenyeji, na hata hivyo wapo wenye roho mbaya, kwa hiyo niwe na vyombo vya kuwatenga. Domo! Mimi nilishasikia "wanaweza".

Nimenunua wanne. Mwekundu, mweupe, wa kijani, na mmoja wa rangi ya chai.

Mke wangu kauliza kama nimeulizia vizuri. Nikamwambia wote ni wanawake, wataongea yaishe. Akanitazama. Akarudi kukata vitunguu, kwa nguvu kuliko kitunguu kinavyohitaji.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nikawamimina wageni. Tangi likapendeza! Malkia akatunisha mashavu. Nikawaeleza wagonjwa kwamba anawakaribisha.

Akamkaribisha wa kijani kwa kumng'ata mkia. Kipande kikaelea. Mwekundu akafukuzwa kona hadi kona. Mama mmoja aliyekuja kung'olewa gego alikuwa amekodoa macho kwenye kioo. Akabeba mkoba wake, akasema kama samaki wa humu wanafanyiwa hivi, yeye hangoji zamu yake. Wawili wakamfuata.

Taratibu akaja, akatazama, akauliza kama daktari anajua. Nikajibu ni mpango maalumu. Hakusema kitu, akarudi mezani kwake. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yamegeuka. Wageni wamepata umoja! Nimemkuta Malkia kajibana nyuma ya pampu, bluu imempotea, mwilini ana mistari ya woga, mkia umechanika kama pazia kuukuu. Nilimhurumia, tena kwelikweli. Samaki huyu hunitazama kila asubuhi nikinywa chai, na mimi nimemletea majambazi nyumbani kwake. Akifa, daktari hatanisamehe. Sijui kama mimi mwenyewe nitajisamehe.

Nikiwa bado nimeduwaa, mweupe akaruka nje ya tangi. Katua kwenye mapaja ya karani mmoja aliyekuwa akisali kimya kimya kabla ya kuzibwa jino. Sala ikawa ya sauti.

Nikapiga moyo konde. Stoo kuna vikombe vya meno ya bandia, vyenye vifuniko. Kila mgeni kikombe chake, mfuniko nusu ili apumue. Nimevipanga rafuni nyuma ya mapokezi. Malkia kabaki na tangi lake.

Ila pa kuwapeleka hakuna. Muuza samaki kafunga duka, yuko harusini mpaka Jumatatu jioni. Mke wangu kasema hawavuki kizingiti chake. Na Jumatatu asubuhi daktari yuko hapa!

Jumatatu, 10 Machi

Maji yamenifika shingoni.

Daktari kaingia, na kabla ya kutusalimia kaenda kwa Malkia. Akauliza mkia umefanya nini. Nikasema ni msimu, wanapukutisha. Akainama kuutazama tena. Nikaona kama anaanza kuamini.

Hapo akaingia mzee mstaafu, kafuata meno yake ya bandia. Taratibu alikuwa kwenye simu. Nafasi hiyo! Daktari anione nikihudumia kama mkuu. Nikanyoosha mkono rafuni bila kugeuka, nikamkabidhi kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Mzee akafunua. Akainamia. Akasema, "Mwanangu, haya meno mbona yananitazama?"

Daktari akaja rafuni, akafunua vikombe kimoja kimoja. Samaki. Samaki. Meno ya mzee. Samaki. Akauliza nani kafanya hivi. Nikamgeukia Taratibu, kwa matumaini. Yeye akasema tu kwamba aliuliza siku ile, akaambiwa ni mpango maalumu.

Taratibu ndiye mkuu wa mapokezi. Nimeula wa chuya.

Jumanne, 11 Machi

Nimeshuka chini. Ukuta, ukuta, mashine, ukuta.

Asubuhi, kabla ya kushuka, nilipita kumwona Malkia. Daktari kambadilishia maji, kamtilia dawa, na anakula. Mkia utaota. Nimefurahi, nusura nimwage machozi mbele ya wagonjwa. Taratibu akanipa kitambaa. Sikukitumia.

Mchana nimewarudisha wale wanne dukani. Muuza samaki kakubali kunibadilishia. Kauliza kama nina matangi mawili. Nimesema ninayo. Ninalo moja, kuukuu la stoo, ila ni pana.

Maana nimekaa na lile kosa nikalichambua. Majike wale waligombana kwa sababu walionana, pale juu, penye dirisha kubwa. Huku chini nikizima taa ni giza totoro.

Nimechukua madume wawili.